Maombi Yangu pale Kisimani Ngaremara

Mama Kendi wangu, hamjambo huko nyumbani?

Huku Isiolo jua ni kali, na maziwa ya ngamia nimekunywa kushinda vijana. Jana Wakristo wa Ngaremara waliniheshimu, wakaniambia niombee kisima chao. Unanijua mimi, nikianza kuomba hata ngamia husimama! Nilipomaliza, mama mmoja mzee, Mturkana, akaniambia, "Mzee, umeongea vizuri. Sasa nyamaza, tumsikie Mungu naye."

Tukanyamaza wote. Mimi nikasikia upepo tu, lakini yule mama alikuwa analia huku anacheka. Alisikia nini, na mimi ndiye niliyeomba? Tangu hapo nina kiu, na maziwa hayamalizi hiyo kiu.

Jioni ukiomba, usinisifu kwa Mungu. Muulize tu kama ananijua.

Mzee wako,
Baba Kendi