Utepe Mpya

Jumamosi, 4 Mei
Wiki ya ishirini na sita. Kijitabu cha kliniki kinasema sasa anaanza kufumbua macho. Aone nini humo ndani, maskini! Jumanne nesi alinipima tumbo, kutoka kinena hadi juu, akaandika kwenye kadi. Akasema mtoto ni mdogo kuliko wiki zake, nirudi baada ya wiki mbili. Leo nimejipima mwenyewe kwa utepe wangu wa kazini. Fundi cherehani miaka kumi na moja, nishindwe kupima tumbo langu? Sentimita 23. Wale wawili wa mimba za kwanza hawakufika hapa. Sijamwambia mtu kwamba nimeshakata tamaa.

Alhamisi, 9 Mei
Aibu! Suruali ya mteja imemvuka kiunoni mbele ya watu. Bosi alipima kwa utepe wake, mimi nikakata kwa wangu. Kumbe wangu umevutika kwa uzee. Bosi anashangaa sijamshonea mtu hema. Ameutupa kwenye gunia la vipande, akanipa mpya.

Jumamosi, 11 Mei
24! Nimepima mara tatu. Ameongezeka! Nimemwita mume wangu aje aone, akauliza kama si chakula cha mchana. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Nimemkatia fulana. Wale wengine sikuwahi kuwakatia kitu.

Jumatatu, 13 Mei
Mjinga mimi. Mjinga kabisa! Nilikuwa napiga pindo, ikanijia tu. Nikapekua lile gunia, nikautoa utepe wa zamani, nikajipima nao nyuma ya pazia. 23. Ileile. Mtoto hajaongezeka hata unene wa uzi, ni utepe tu uliobadilika. Bosi amenikuta nalia juu ya vipande, akadhani ni ile suruali.
"Dada, suruali si inapunguzwa? Yaishe basi."
Nikamwambia yameisha.

Jumanne, 14 Mei
Nesi amepata 24. Kwenye kadi, mara iliyopita: 24. Akamwita daktari. Daktari anasema kondo la nyuma halimpi mtoto chakula cha kutosha. Kila asubuhi nikishakunywa chai nilale, nihesabu mateke. Yasipofika kumi kwa saa mbili, nije mbio.

Jumatano, 15 Mei
Kumi na moja.

Alhamisi, 16 Mei
Nimeanza saa tatu. Ubavu wa kushoto, kama nilivyoambiwa. Saa nne: matatu. Nimekunywa maji baridi. Nimekula sukari kijiko kizima. Mume wangu alisema labda amelala, mtoto wa baba yake huyo. Hakuna aliyecheka. Sasa ametoka kutafuta gari.

Saa tano kasoro dakika kumi. Manne.

Kijitabu kinasema anasikia. Nimemwita kwa sauti, mchana kweupe, peke yangu chumbani. Nimemwita "wewe," maana jina niliogopa kumpa. Wewe! Wewe, mama yako nipo hapa!

La tano — au ni mkono wangu tu unatetemeka juu ya tumbo. Sijui nilihesabu hili au nisilihesabu. Honi nje!