Jina la Karatasi, Jina la Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Watoto saba leo. Kitabu cha vizazi kimebakiza kurasa nne. Miguu imevimba, viatu havifungiki.

Majina: Elizabeti, Hassan, Elizabeti tena, Visa (baba yake anangoja kwenda Dubai). Na mmoja anaitwa Inspekta. Mama yake ni mke wa polisi kama mimi, na mumewe ameachwa kila wenzake wanapopandishwa cheo. Nilimwambia afikirie tena, mtoto mwenyewe huenda akaishia konstebo na watu watamcheka. Akasema niandike. Nikaandika. Kazi yangu kwenye kliniki hii ya Wandegeya ni kuandika, si kupenda. Lakini yule mtoto nimemwonea huruma kutwa nzima.

Mimi mwenyewe ni Candiru. Kwa Kilugbara ni mateso. Mama alinipa jina hilo mwaka baba alipooa mke wa pili. Lilikuwa barua yake kwa baba, mimi nilikuwa bahasha tu. Shuleni mwalimu mmoja alipojua maana yake basi ikawa "Mateso, futa ubao." Darasa zima linacheka. Sijasahau hata sura moja.

Huyu wa tumboni ni msichana. Anaitwa Gloria. Nimeshaamua.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Arua. Kaja na muhogo mkavu, simsim, na jina.

Jina ni Draru. Maana yake kifo. Hakuzunguka, hata chai ilikuwa bado haijachemka.

"Jina muzuri inaita kifo," alisema. "Kama jina mubaya, kifo napita tu."

Mwanangu wa kwanza, Blessing, aliishi siku kumi na moja. Precious wiki tano. Wote wamezikwa Arua nyuma ya nyumba yake, na yeye ndiye anayewapalilia. Hakusema kwamba majina yangu ndiyo yaliyowaua. Hakuhitaji kusema.

Leo namchukia. Nalala na chuki yangu hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Joto la kuua. Nyumba zetu hizi za bati hapa kambi ya polisi ya Naguru, adhuhuri ni tanuri. Watu watatu ndani na ugomvi.

Nilimwambia mama mkwe sitamwita mwanangu kifo. Nikamweleza kuhusu mwalimu na ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha mume wangu kwa kidole, aliyekuwa anapiga viatu rangi. Kwenye kitambulisho ni Daniel. Kwao ni Drani. Jina hilohilo la kifo, la kiume. Nilikuwa nalijua, sikuwahi kuuliza lilikotoka.

"Mimi nazika saba," alisema mama mkwe. "Huyu naita Drani. Nakaa."

Saba. Mume wangu hakuinua macho kwenye kiatu.

Baadaye akaja na dawa yake. Mama aite analotaka nyumbani, mimi niandike langu kwenye karatasi, shida iko wapi. Miaka tisa nawagombeza akina mama: mtoto mmoja, jina moja, msinichanganyie mafaili. Nikakubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Tena karatasi ni zangu.

Jumatano, 19 Machi

Amezaliwa jana. Kilo tatu. Alilia mara moja tu kisha akatuangalia.

Fomu nimeijaza mwenyewe, nimekalia taulo. Gloria. Mwandiko wangu haujawahi kutulia vile.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya nne tangu azaliwe. Siku ya kutoka nje na kupewa jina.

Mama mkwe alimlaza kwenye ungo, akauweka ungo juu ya takataka nilizofagia asubuhi. Maganda ya ndizi, majivu. Jirani akapita kama walivyopatana, akauliza takataka hii ni ya nani. Mama mkwe akasema haina mwenyewe. Jirani akamwokota mtoto, akanirudishia. Ndivyo alivyofanyiwa mume wangu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Draru, Draru. Nilitabasamu kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nasema Gloria, haraka haraka, kama mtu anayefuta.

Jumatatu, 24 Machi

Macho ya njano. Jana nilidhani ni mwanga wa bati. Leo hata nyayo. Hataki kunyonya.

Tumekwenda hospitali kubwa. Foleni mpaka barabarani. Nilitumwa duka la dawa la nje kununua sindano na mpira wa kuongezea maji, nikamwacha mama mkwe na mtoto kwenye dirisha la kuandikishia. Damu ilipotolewa nilikuwa nimerudi, nikamshika mimi. Mashine za taa ya bluu, inayotibu njano, ni mbili tu. Mtoto haingii bila majibu ya damu.

Tunangoja. Tuko sakafuni na wenzetu kumi. Naogopa.

Jumanne, 25 Machi

Majibu bado. Nimeuliza mara nne. Muuguzi anafungua faili, anafunga. Bado.

Mtoto analala mno. Ukimwamsha anaukunja mgongo nyuma. Kilio chake kimebadilika, kimekuwa chembamba.

Mume wangu alikuja na sare yake, nikadhani sare itasaidia. Haikusaidia.

Jumatano, 26 Machi

Niandike polepole.

Saa sita mchana niliomba nitazame mwenyewe sanduku la majibu. Nilisema mimi ni karani wa vizazi, najua makaratasi. Dakika moja haikufika. Gloria. Imepigwa mhuri wa Jumatatu jioni. Karatasi ilikuwa imekaa humo tangu Jumatatu, kwa sababu hospitali nzima hapakuwa na faili la Gloria.

Faili lilikuwa la Draru. Mama mkwe aliulizwa jina pale dirishani, akasema Draru. Mimi niliulizwa wakati wa kutoa damu, nikasema Gloria. Watoto wawili kwenye makaratasi. Mmoja ana faili hana majibu, mwingine ana majibu hana faili. Na mmoja sakafuni anageuka njano.

Wamemwingiza kwenye taa saa sita na nusu.

Mama mmoja wa sakafuni akaniambia kwamba jana asubuhi waliita Gloria pale mlangoni, mara tatu. Nilikuwa nje nafua nepi. Nikamgeukia mama mkwe.

"Nasikia," alisema. "Naogopa kuitika. Kama naitika, kifo inajua yeye iko wapi."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka kabisa. Kisha nikaona alivyokaa, shuka yangu amejifunga kiunoni, siku tatu hajala kitu. Mikono yake ilikuwa imefunika kichwa kama mtu anayejua kipigo ni haki yake. Nikaushusha mkono.

Yeye aliogopa. Mimi je? Mimi niliyefundishwa kazi hii, niliyewagombeza wenzangu miaka tisa, sikuuliza hata mara moja faili limeandikwaje. Nilitaka jina langu lishinde.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumerudi nyumbani. Rangi yake imerudi, ananyonya. Majirani wameleta samaki. Mama mkwe anasema kifo kimepita.

Daktari aliniambia njano ilikaa mno. Akasema tumwangalie. Sikuuliza tumwangalie nini.

Jumatano, 18 Juni

Leo sufuria kubwa imeniponyoka mkononi, ikagonga sakafu nyuma ya kichwa chake. Mbwa wa jirani alibweka. Mimi mwenyewe niliruka.

Mtoto aliendelea kutazama vidole vyake.

Nikaichukua sufuria nikaiangusha tena. Nikaiangusha tena.

Alhamisi, 3 Julai

Wamempima. Masikio yote mawili. Hasikii, na daktari hatarajii atasikia. Njano ilipanda mpaka ndani. Kama angeingia kwenye taa mapema, labda. Alisema labda kwa upole, nami nilimchukia kwa upole huo.

Nimemwambia mume wangu. Alitoka akasimama nyuma ya nyumba mpaka zamu yake ilipofika. Mama mkwe nilimwambia mwisho, kwa Kilugbara, ili pasibaki neno la kusingizia. Alivua kilemba akakishika mkononi.

Anaishi. Najikumbusha hilo kila nikipita alipolala. Wale wawili wako chini ya ardhi, huyu anaishi. Ni kweli, na haitoshi.

Jumapili, 13 Julai

Mvua asubuhi. Nepi hazikukauka. Kesho narudi kazini, kitabu kipya kimeshafika.

Mama mkwe alikuwa mkekani na mtoto. Nilikuwa mlangoni nachambua dengu, hakujua kama naona. Mtoto alikuwa ametazama ukutani. Mama mkwe hakumwita. Tangu siku ya kipimo sijamsikia akimwita Draru, na mimi ile Gloria siwezi kuitamka. Aliweka vidole viwili kifuani pa mtoto, akagonga mara mbili, polepole. Mtoto akageuza uso mzima, akamchekea.

Kumbe wamekuwa wakifanya hivyo siku nyingi.

Niliacha dengu nikaenda kukaa upande wa pili. Akasogea kidogo nipate nafasi. Nilingoja mtoto atazame tena ukutani. Nikaweka vidole viwili, nikagonga mara mbili.

Akanigeukia.