Kasiksi ya Papa na Nyungu za Mumosho

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimia toka hapa Kadutu. Mama yako amepona kabisa, na shamba limetoa maharagi mazuri. Magoti yangu tu ndiyo yanagombana na mupando wa kilima chetu.

Unaniuliza umujibu nini mwenzako wa iniversite, yule asiyeamini Mungu. Anasema wachimbaji wa vitu vya kale hawakuona alama ya watu wa Musa jangwani.

Mbele ya uhuru, nikiwa musichana kule Mumosho, injenieri mumoja muzungu alichimbua vipande vya nyungu alipokuwa akipasua barabara. Akamuletea Papa yangu, aliyekuwa katekista.

"Hizi ni za zamani kuliko Adamu wenu. Sasa utafundisha nini?"

Papa akazigeuzageuza. "Ni nyungu nzuri. Kama Adamu alizitangulia ao hapana, sijui."

Kisha akaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu mwenye nyumba anaonja mbele, ili mugeni ajue haina sumu. Papa akaonja, injenieri akakunywa.

"Hukuipima," Papa akasema.

"Wewe ulikunywa mbele yangu."

"Na mimi niko vile vile. Kuko watu walioonja imani hii mbele yangu, nikaona namna waliishi."

Injenieri akacheka. "Lakini kama ungeanguka, ningeweka kikombe chini."

"Ungefanya vizuri," Papa akajibu, akamuongezea.

Basi usimuogope mwenzako, wala vitu vya kale vinavyochimbuliwa. Mualike kwako, akuulize yote. Lakini wewe ndiwe uonje mbele.

Koko wako