Nukta ya Garsby

Garsby, 4 Machi 1953

Kwa mpwa wangu Thirza, msomi wa ukoo,

Vipi Leeds na moshi wake? Sisi huku wazima, kasoro goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mke wangu Dorcas, mama yako mlezi, anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Nimemwambia wasomi hula karatasi.

Umeniuliza tena lile neno lenu, *clever*. Ajabu nyie watu! Mnavaa viatu vya bei mbaya, mnapanda milima, kumbe mnakuja kuwauliza vikongwe maana ya neno ambalo kila mtoto analijua. Haya, andika. Kwanza ni mtu mwenye akili, kama wewe kabla hujasoma ukapotea. Pili ni mtu mwenye afya: nikiamka na goti langu nasema leo sijisikii *clever*. Tatu ni farasi anayeruka ukuta bila kugusa jiwe. Nne, na hii ndiyo tamu, ni mtu mwema, mwenye roho laini. Tunasema, "Yule mama ni *clever* kama tofali la moto kitandani," yaani hata umuudhi mchana kutwa, usiku atakupasha miguu moto.

Uliniambia mnamtaka mzee ambaye hajaishi popote ila kwao, asije akachanganya maneno ya huku na ya kule. Basi ndiye mimi. Tangu kuzaliwa sijalala nje ya bonde hili, ukiondoa usiku ule nilipolewa pombe nikalala shimoni, na shimo nalo lilikuwa letu.

Ni mimi mjomba wako,
Jabez

Leeds, 19 Machi 1953

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Tafadhali usilipake tena mafuta ya kondoo, Mama Dorcas analala chumba hichohicho.

Mjomba, umetushughulisha ofisi nzima. Tuna ramani ya Uingereza ukutani, na kila kijiji kikijibu swali tunaweka nukta. Ile maana ya nne, ya mtu mwema, ina nukta moja tu Kaskazini yote: Garsby, yaani wewe. Mkuu wetu, Dokta Ormerod, anasema huenda ni maana ya kale iliyokufa kila mahali ikabaki bondeni kwetu. Amenipa nafasi niisomee mada mbele ya wakubwa mwezi Juni. Nikifanya vizuri, kazi yangu hapa itakuwa ya kudumu.

Ndiyo maana nakuuliza bila mzaha: uliisikia kwa nani? Majirani sita niliowauliza wote wamekataa. Na hilo tofali, mjomba? Kwetu nyumba zote ni za mawe. Mimi nimekua nikiwekewa kitandani bamba la chuma la tanuri.

Mpwa wako akupendaye,
Thirza

Garsby, 30 Machi 1953

Msomi wangu,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Sisi hatujambo. Dorcas amekufumia soksi, moja ndefu kuliko mwenzake, utavaa tu.

Yaani ulikwenda kuwauliza akina Peacock? Wale masikio yao yamejaa manyoya ya kondoo tangu siku ya ubatizo! Mimi nililisikia kwa bibi yangu mzaa baba, aliyekufa kabla mama yako mzazi hajazaliwa, kwa hiyo huwezi kwenda kumsumbua. Tofali aliuziwa na mchuuzi mmoja mpita njia, akalitunza kama yai. Unataka nile kiapo? Naapa kwa Biblia ya kanisani, ile kubwa ya kubebwa na watu wawili.

Weka nukta yako, soma mada yako, kisha utafute mume mwenye meno yake yote.

Mjomba wako,
Jabez

Crowfen, 11 Julai 1953

Mjomba,

Natumai u mzima. Sijui niandike salamu gani nyingine.

Mada niliisoma, wakapiga makofi. Makofi yalipokwisha, mzee mmoja wa upande wa mashariki akasimama akasema maneno hayo anayajua, na tofali lake, kutoka Crowfen, nchi ya mabwawa. Ni maili mia na hamsini kutoka kwetu, na katikati hakuna nukta hata moja. Nikapanda treni nije nione.

Huku nyumba zote ni za matofali. Nilikaribishwa na bibi wa miaka sabini na mmoja, Rhoda Setchell. Nikafungua daftari nikaanza maswali yangu. Lile la *clever* alijibu bila kufikiri, tofali na yote, kisha akacheka.

"Mume wangu alikuwa akinitania nalo. Mtu wa milimani huyo, alikuja huku kuchimba mitaro. Mcheshi! Lakini miguu yake ya baridi kama chura."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Jabez? Alikwenda kumzika mamaye, mwaka 1911. Alisema wiki tatu."

Picha ya harusi iko juu ya meko. Ulikuwa na nywele nyingi. Chini ya picha alikaa binti yenu, Ivy. Ana mdomo wako, na aliniuliza kama huko kwetu wasichana hulishwa au hufugwa kwa upepo. Nilijisikia niko nyumbani, nikataka kulia.

Mama Dorcas ulimwoa mwaka 1912. Sote tuliambiwa kabla ya hapo ulikuwa mgodini, juu ya mlima wetu wenyewe. Nyinyi wawili ndio mlionilea nilipofiwa. Nimeandika kwenye kadi ya ofisi, kwa mkono wangu, kwamba hujawahi kuishi kwingine, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Niandikie ukweli kabla sijaamua la kufanya.

Thirza

Garsby, 15 Julai 1953

Mpwa wangu,

Salamu. Dorcas yuko uani anaanika mashuka, naandika mbiombio.

Ni kweli. Nilikuja kuzika. Dorcas akanimiminia chai msibani. Wiki tatu zikawa mwezi, na mwezi ukishapita mtu huona aibu hata kununua stempu. Neno lenyewe lilinitoka tu. Miaka arobaini na miwili sijalitamka, wewe ukaja na daftari lako, ukauliza vizuri, nikajisikia kijana.

Nakuomba jambo moja. Waambie wakubwa zako mzee alikutania. Sema nililiokota kwa mchuuzi wa mashariki, nikajifanya la kwetu ili nikucheke. Garsby nzima inajua mimi ni mwongo, aibu hiyo naibeba bila kutoka jasho. Lakini Dorcas asilisikie la Rhoda. Ana miaka sitini na minane, Thirza. Ataanza wapi?

Mjomba wako, kama bado wanitaka,
Jabez

Leeds, 24 Julai 1953

Mjomba,

Natumai Mama Dorcas hajambo. Mwambie soksi nazivaa.

Nimefanya ulivyoomba. Nimesema ulinitania, na nukta ya Garsby imebanduliwa ukutani. Dokta Ormerod amesema mtafiti asiyemjua hata mjomba wake hawezi kutumwa kwa wageni. Nafasi yangu amepewa mwingine. Natoka mwisho wa Septemba.

Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya ili Mama Dorcas asikie kwako, si kwa watu. Sasa mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla majani makavu ya mifugo hayajaingia ghalani. Hilo tu ndilo ninalodai.

Nilipoaga Crowfen, Rhoda alinishika mkono. Nadhani alikwisha kuona usoni mwangu. "Ukimwona, kama yu hai, mwambie simtaki. Kama amekufa, mwambie vilevile." Ivy alinifungia mkate wa njiani.

Mpwa wako,
Thirza

Garsby, 20 Septemba 1953

Msomi wangu mpenzi,

U hali gani? Sisi tunacheka tu! Majani yameingia yote, makavu kama mahubiri.

Lazima nikusimulie. Nilipita baa nikawaeleza wenzangu nilivyowaangusha maprofesa wa Leeds kwa neno la mchuuzi. Kilichotokea huko usiulize! Peacock alicheka hadi bia ikamtokea puani. "Jabez," anasema, "wewe ungemuuza bata kwa mwenye bwawa!" Sasa hata watoto wakiniona wanaita, "Shikamoo, Profesa!" Dorcas naye alicheka mpaka akakaa chini, ingawa alikuhurumia kidogo.

Lile jambo jingine nimeona lingoje. Ana furaha mno siku hizi, itakuwa dhambi kumharibia. Wewe bado kijana, kazi zipo. Njoo Krismasi, kuna bata bukini. Daftari liache hukohuko.

Mjomba wako yuleyule,
Jabez

Leeds, 28 Septemba 1953

Jabez Alderson,

Sikuulizi hali. Nimeshaijua kwa Mama Dorcas, ambaye ameniandikia. Anasema ameona haya kwa ajili yangu: nilichukua utani wa mzee nikaupeleka kwa wakubwa, nikakaribia kulivunjia heshima jina la aliyenilea. Ananitaka nikuombe radhi. Maisha yangu yote hajawahi kunikaripia kwa barua.

Radhi sikuombi. Nimemjibu. Nimemwandikia yote, tangu mitaro hadi picha ya juu ya meko, na nimemwambia kwamba hapa Leeds chumba changu kinatosha watu wawili, aje siku yoyote, na asipotaka kuja nitaelewa.

Bahasha zote mbili nimezitia posta kwa pamoja. Tarishi atazileta kwa mkono mmoja, asubuhi moja. Kwa hiyo unaposoma mstari huu, yeye yuko upande wa pili wa meza, naye anasoma.

Weka karatasi chini, umtazame.

Thirza