Filamu ya Chepkoech na Matanga ya Baba

Doha

Kwako Mama mpendwa,

Chamgei? Goti lako linasemaje na baridi ya Keringet? Naomba viazi viwe vimetoka shambani kabla ya mvua. Mimi ni mzima, ila na joto la huku bado hatujapatana.

Mama, nimeiona ile filamu waliyotengeneza Chepkoech na wenzake. Alinitumia kwa simu, na maneno machache tu: "Dada, angalia mpaka mwisho." Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, nikaketi nayo na Nabirye, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja.

Nilidhani mdogo wangu na wenzake wataiga filamu za Nairobi kama wengine: magorofa, magari makubwa, watu wakigombana kwa Kizungu. Kumbe ni Nakuru yenyewe. Kijana wa nyumba kubwa ya Milimani anapigiwa simu kwamba baba yake amefariki Keringet. Mama wa duka anamfariji kwa Kiswahili chenye Kikuyu ndani, jirani yake Mwislamu anamsindikiza, na barabara inapanda mpaka kwa ukungu wetu. Nikaona lango letu. Nikaona viti vya kanisa vikishushwa. Halafu ukatokea wewe, mlangoni pa jikoni, unawauliza waombolezaji, "Mmepata chai?"

Nabirye akasema, "Huyo mama anajua kuigiza."

"Haigizi," nikamwambia. "Ni mama yangu."

Unajua vile tajiri wangu alininyima ruhusa Baba alipokufa. Nilisikiliza mazishi kwa simu, sauti ikikatika, halafu nikarudi kupiga nguo pasi. Sikulia. Nilikuwa nimekauka. Lakini majirani walipoanza kuimba kwa filamu, mvua ikigonga mabati, nililia mpaka Nabirye akaniegemeza begani. Baadaye akachemsha chai ya maziwa.

Nilipompigia Chepkoech, akacheka huku naye analia. Alisema mwigizaji wao alikwama kwa matope, ukakubali kushika nafasi yake, lakini kulia ukakataa: "Wageni wako na njaa, nitalia saa ngapi?" Akaiacha hivyo hivyo. Shangazi aliniambia ndivyo ulivyokuwa hata siku ya Baba.

Ijumaa iliyofuata tuliitazama tena na Wakenya wengine. Jamaa wa Gilgil alipoona barabara kuu na wauza viazi, akaruka: "Hapo ni kwetu, boss!" Kila mmoja alipata kwao mle ndani.

Asante, Mama, kwa kumpa Chepkoech nyumba yetu na msiba wetu. Mwambie asiwasikilize wanaomhimiza ahamie Nairobi.

Nisalimie Shangazi, aliyenishikia simu kaburini. Nisalimie Baba Mdogo anayekusaidia shambani, na Kogo, nyanya yetu. Mwambie nimemwona akisinzia katikati ya maombi, na dunia nzima imemwona.

Nilikuwa naogopa kurudi na kukuta kiti cha Baba hakina mtu. Sasa nimemzika pamoja nanyi. Mkataba ukiisha, nakuja.

Ni mimi binti yako,
Chelangat