Mkono Uliotangulia

Mume wangu,

Huku hatujambo. Mama yako bado anakohoa, na paa linavuja palepale.

Mgomo unaendelea. Meneja alituahidi kwamba tukirudi kazini, nawe utatolewa jela. Katibu wako wa chama cha wafanyakazi akatukusanya getini, akasema mwenyekiti aliyefungwa anatufaa kuliko aliye nyumbani. Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi, mkeo.

Unakumbuka mgomo uliopita, ulivyomfukuza dada yangu chamani? Alikwenda kazini siku moja tu, apate hela ya dawa ya mwanawe. Ulisema chama hakimwonei mtu huruma.

Basi kura ya kukuacha huko ilipigwa kwa kuinua mikono, kama ulivyotufundisha. Wangu ulitangulia.

Nimekutumia blanketi. Utalihitaji.

Mkeo, mwanachama mwaminifu