Maneno ya Baba Kwenye Kidirisha

Zigong, 11 Desemba 2011

Mwanangu Ruoqing,

U mzima? Huko Dalian baridi imeshika, najua, na suruali ya ndani ya sufu hujaivaa, hilo pia najua. Mimi sijambo, goti tu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta ya baba yako imenigomea. Barua zako nazisoma vizuri kwenye kioo, ila kujibu siwezi. Nagonga herufi za Kilatini kama ulivyonifundisha, lakini kile kidirisha kinacholeta maandishi yetu ya Kichina ili nichague hakitokei. Na usinipigie simu. Masikio yangu unayajua, tutaishia kupigiana kelele.

Fanya hima, mwanangu. Tangu tumzike baba yako na kufunga duka lake la kuchapa, kidirisha kile ndicho kilichokuwa kikinizungumzisha. Nikianza neno, kinamalizia kama alivyozoea yeye. Nikigonga "karatasi", kinaniletea "lipia kwanza". Nikigonga "supu", kinaniletea "chumvi imezidi". Jamani, mtu keshakufa bado analalamikia supu yangu! Namkumbuka mno.

Mama yako


Dalian, 16 Desemba 2011

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, na suruali nimevaa, usianze. Goti likande kwa maji moto.

Bonyeza kitufe cha kugeuzia lugha, kile cha pembeni kushoto, mara moja tu. Pembeni ya kioo pakitokea alama ya mwezi mdogo, mambo yamekaa sawa. Ikikataa, zima uwashe upya. Na tafadhali, usile mbegu za alizeti mbele ya kompyuta.

Mwanao, Qing


Zigong, 18 Desemba 2011

Qing, mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa kidogo. Nimebonyeza. Mwezi unachungulia, kisha unajificha. Nabonyeza tena, unachungulia, unajificha. Nimezima, nimewasha, nimeibembeleza, nimeitukana, wapi! Nikamwita jirani yetu Lü, yeye akatazama, akasema "inahitaji mtaalamu", akala chungwa langu akaenda zake.

Mbegu sijala pale mezani hata moja. Unanionaje? Kibodi nimeivalisha ngozi ya plastiki isichakae, na juu nafunika kitambaa nilichodarizi.

Mama yako


Dalian, 24 Desemba 2011

Shikamoo Mama,

Pole kwa usumbufu. Basi tuifute. Nimekuandikia hapa chini mstari mmoja wa amri. Ugonge kama ulivyo, kisha ubonyeze kitufe kikubwa cha kulia. Utaondoa mipangilio yote ya kidirisha na kumbukumbu zake, kitaanza upya kama kimetoka dukani. Ni kazi ya dakika moja.

Mwanao, Qing


Zigong, 27 Desemba 2011

Ruoqing,

Natumai u mzima. Kuanza upya ndiyo nini? Na "chumvi imezidi" itakwenda wapi?

Mama


Dalian, 30 Desemba 2011

Shikamoo Mama,

Itafutika, Mama. Lakini ule ni mpangilio wa maneno tu, siyo Baba. Kompyuta huweka mbele kile kilichogongwa mara nyingi, basi. Futa, uweze kuandika.

Mwanao, Qing


Dalian, 12 Januari 2012

Shikamoo Mama yangu,

Goti linasemaje? Mbona kimya? Kila siku nafungua sanduku la barua pale chini, hamna kitu. Nimekuudhi, nalijua hilo. Nilizungumza kama fundi, sikuzungumza kama mtoto wako. Nisamehe.

Ila mwaka mpya wetu wa Kichina sitakuja, Mama. Nimejiandikisha zamu ya sikukuu. Nikija nitafanya nini kwenye nyumba ile? Baba mwenyewe hakuwahi kuuliza. Nilipokataa kurithi duka alisema "ukienda, nenda", na miaka yote sita barua zake za kompyuta zilikuwa zilezile: umekula, vaa nguo nzito. Hata mara moja hakuniuliza narudi lini. Wewe futa tu, Mama, au usifute. Nijibu tu.

Mwanao, Qing


Zigong, 17 Januari 2012

Mwanangu Qing,

U hali gani? Unaona? Nakuandikia kwa kompyuta!

Sijafuta. Amri yako niliigonga yote, kidole kikagoma kwenye kile kitufe kikubwa. Nikafunika kitambaa, nikanuna.

Leo ndiyo siku ya kufagia nyumba kabla ya mwaka mpya, nami nikaivua ile ngozi ya plastiki niioshe. Chini yake, kwenye kitufe cha kugeuzia lugha, kuna ganda la mbegu ya alizeti. Haya, cheka. Plastiki ilikuwa inalikandamiza, kitufe kikawa kinajibonyeza mara mbili, kinafungua na kufunga. Nimelitoa, mwezi umetulia.

Sasa nieleze, wewe mtaalamu. Kugonga jina lako kwenye kompyuta sikuwahi, maana humo huwa naandika "mwanangu" tu. Leo nikaligonga, ili nianze barua kwa heshima. Kidirisha kikanimalizia: "Ruoqing, utarudi lini". Nikafuta, nikagonga tena. "Ruoqing, utarudi lini". Mimi sijaandika hivyo. Wewe unasema hakukuuliza. Kompyuta imeyatoa wapi?

Mama yako


Dalian, 18 Januari 2012

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisomea kazini, nikaenda kukaa chooni mpaka macho yakakauka.

Maneno hayo hakunitumia, Mama. Hata mara moja. Kidirisha hakibuni kitu, huleta kilichogongwa mara nyingi. Alikuwa anaandika, anafuta, halafu ananitumia "vaa nguo nzito". Na mimi nilikuwa nakusukuma ukifute.

Zamu nimempa mwenzangu. Tiketi za treni za kukaa zimekwisha, nimepata ya kusimama, nitafika jioni ya mkesha wa mwaka mpya. Suruali ya sufu nitavaa. Supu pika vilevile unavyopika, usipunguze chumvi.

Na kompyuta iache hivyohivyo. Nataka niligonge jina langu mwenyewe, halafu nimjibu.

Mwanao, Ruoqing